Paka Mmoja Aliyepotea, na Mtaa Usiojuana

Wasomaji wa safu hii wamezoea kukutana hapa na mambo mazito: bei ya karafuu, uhaba wa maji, nauli za vyombo vya kwenda Pemba, na ahadi ambazo wakubwa huzitoa na wadogo huzikumbuka. Leo naomba ruhusa yao nizungumze juu ya paka. Najua wapo watakaolikunja gazeti papo hapo na kusema kwamba mzee huyu sasa amekosa la kuandika. Nawaomba wasubiri kidogo. Paka mwenyewe ni mdogo, lakini njia aliyotupitisha katika kumtafuta ilikuwa ndefu, na mwisho wake ilitufikisha penye jambo linalomhusu kila mwenye mtoto katika Mji Mkongwe huu wa Unguja, na kila mwenye dhamana ya kuuangalia.

Paka huyo ni jike, na umri wake ni miezi mitano. Rangi yake ni hudhurungi iliyoiva, kama kashata ya nazi iliyokolea moto, na miguu yake ya mbele ni myeupe kama aliyekanyaga chokaa. Kwa ajili ya rangi hiyo mjukuu wangu, mtoto wa kike wa miaka saba, alimpa jina la Kashata, na sisi wakubwa hatukuwa na la kuongeza. Alikuja kwetu akiwa hajatimiza miezi miwili, amelowa mvua, amejikunja chini ya baraza kando ya mfereji, mama yake hajulikani alipo. Mke wangu, ambaye kwa miaka thelathini alikuwa akitangaza kwamba hataki mnyama ndani ya nyumba yake, ndiye aliyemkausha kwa upande wa kanga na kumtafutia chakula. Tangu usiku ule nyumba ikawa ya Kashata, na sisi tukawa wapangaji.

Alipotea siku ya Alhamisi, baina ya alasiri na magharibi. Kijana aliyetuletea mtungi wa gesi aliuacha wazi mlango wa mbele kwa muda wa kuupandisha mtungi ngazi, na muda huo ulitosha. Hapana aliyemwona akitoka. Tulichotambua, wakati wa chakula cha usiku, ni kwamba hakuna aliyekuja kujisugua miguuni petu, na kwamba kipande cha samaki alichowekewa kilikuwa pale pale kimekauka. Mtoto alishuka ngazi akiita, akapanda akiita, akaingia stoo, akafungua kabati la nguo na sanduku la bibi yake. Kisha akaja akasimama mbele yangu, mikono nyuma, akasema, "Babu, Kashata hayumo."

Mtu aliyewahi kupotewa na mnyama wa nyumbani anaijua hofu inayofuata maneno hayo. Si hofu ya msiba, kwani msiba una hakika yake: watu huja, huzika, hukaa matanga, na maisha huendelea. Hii ni hofu isiyo na mahali pa kutua. Mvua ya masika ilipiga usiku ule mpaka alfajiri, na mimi, mtu mzima niliyelea watoto watano na kuwazika wazee wangu, nililala nikisikiliza kila kilichosikika uchochoroni. Dirisha likigonga, ni yeye. Paka shume wakigombana juu ya mapaa, basi wanamuua. Mara tatu niliteremka na kurunzi, na mara ya tatu nilimkuta mjukuu wangu amekwisha nitangulia, amekaa juu ya kidato cha mwisho cha ngazi, sahani ya dagaa mapajani. Hakuwa akilia. Alikuwa akingoja.

NI PAKA TU?

Asubuhi yake, barazani, nilipata faraja ya namna inayopatikana siku hizi. "Ni paka tu, Mzee," aliniambia bwana mmoja ninayemheshimu. "Mji umejaa paka. Nenda Darajani ukachukue mwingine." Na kwa hesabu ya macho hakukosea. Anayepita Marikiti ya Darajani, iliyojengwa mwaka 1904, atawaona paka wamekaa chini ya meza za wauza samaki kwa subira kuliko wateja. Atawaona Forodhani jioni wakivizia mabaki ya mishikaki, Malindi wakingojea mashua, na katika kila uchochoro wa Mji Mkongwe wakiota jua juu ya baraza. Tangu enzi za majahazi paka ni baharia asiyelipwa mshahara, anayelinda shehena dhidi ya panya. Na ghala ya nafaka isiyo na paka ilihesabiwa kuwa ghala isiyo na mwenyewe.

Hata hivyo, wazee wetu hawakusema kwamba paka ni paka tu. Walisema kwamba paka wa nyumba haingwa. Katika mafunzo ya dini ambayo wengi wa wakaazi wa visiwa hivi tulilelewa nayo, paka si najisi. Ni katika wale wanaotuzunguka majumbani. Sahaba mmoja mashuhuri wa Mtume tunamjua mpaka leo kwa lakabu inayotokana na kipaka alichokuwa akikipenda, Abu Huraira. Na kila mtoto aliyepita chuoni amesimuliwa habari ya mwanamke aliyemfungia paka, asimlishe wala asimwache atoke ajitafutie, na adhabu iliyomfika kwa kosa hilo. Kwa hiyo mtoto wa miaka saba anapokosa usingizi kwa ajili ya paka, hafanyi upuuzi. Anayatenda yale tuliyomfundisha, na sisi tuliomfundisha ndio tuliosahau.

Iko na tofauti nyingine ambayo bwana yule hakuizingatia. Paka wa Darajani anaujua mji. Anamjua mwenye kumtupia kichwa cha samaki na mwenye kumtupia jiwe. Anajua saa ya gari na saa ya mbwa. Paka mchanga aliyelelewa ndani hajui lolote katika hayo. Hajui kwamba pikipiki haimpishi mtu, seuze paka. Hawajui kunguru, wale ndege walioletwa hapa katika miaka ya 1890 ili wasafishe taka, na ambao leo humwandama kila kiumbe mdogo kuliko wao. Tena paka jike wa miezi mitano yu karibu na umri wa kuweza kushika mimba, na mimba ya paka haizidi sana siku 65. Asiyepatikana upesi aweza kurudi si peke yake, na watoto wake watazaliwa jaani.

KUBISHA HODI

Nilikwenda kutaka ushauri kwa daktari wa mifugo, na jambo la kwanza aliloniambia lilikuwa la kunipunguzia hofu. Paka wa ndani anayetoka kwa bahati mbaya, alisema, aghalabu haendi mbali. Hujificha mahali pa kwanza penye kiza anapopaona, na hunyamaza. Hata akisikia sauti ya mwenyewe hajibu, kwa sababu woga umemwambia kwamba kimya ndiyo salama yake. Baadaye nilipata kusoma utafiti uliochapishwa mwaka 2018, ambao watafiti wake waliwauliza watu zaidi ya 1,200 waliopotewa na paka. Theluthi moja ya paka hao walipatikana katika siku saba za mwanzo, na kiasi cha sita katika kila kumi walipatikana kabla ya mwaka kwisha. Robo tatu ya waliopatikana walikuwa hawajavuka mita 500 kutoka walipotokea. Na njia iliyofaa kuliko zote haikuwa tangazo wala mtego, bali mtu kutoka kwa miguu yake akamtafuta.

Mita 500 katika mji huu ni nini? Ni uchochoro hadi uchochoro, ni mlango hadi mlango. Nilijiambia kwamba kazi hiyo itakwisha kwa siku moja, kwani mimi ni mzaliwa wa mtaa ule, karibu na Sokomuhogo, na nilikuwa nikijisifu kwamba namjua kila mtu.

Aibu niliyoipata sitaificha. Katika milango 31 niliyobisha hodi siku ya Ijumaa na Jumamosi, nyuma ya milango 12 nilikuta watu ambao sijapata kuzungumza nao hata siku moja. Nyumba iliyokuwa ya mwalimu wangu sasa ina vijana wanne wafanyakazi wa hoteli, wanaorejea usiku wa manane. Nyumba ya fundi seremala ina mama na watoto wake waliohamia kutoka Pemba mwaka juzi. Mama huyo alinikaribisha, akanipa maji, akasikiliza habari ya Kashata tangu mwanzo hadi mwisho, kisha akaniambia kwa upole, "Karibu sana, baba. Wewe ni mtu wa kwanza wa mtaa huu kupiga hodi hapa." Miaka miwili! Nami kila siku nimekuwa nikipita mbele ya mlango wake nikienda kununua gazeti.

Jioni ya Jumamosi watoto wa mama huyo walikuwa wakimtafuta Kashata pamoja na mjukuu wangu, na wale vijana wa hoteli walikuwa wakimulika kila ufa kwa kurunzi wakati wa kurudi kazini, maana macho ya paka hung'aa yakipigwa na mwanga hata kama mwili wake hauonekani. Mtaa ambao haukuwa umejuana ulianza kujuana kwa ajili ya paka. Laiti ungalikuwa umejuana kabla!

FUNGUO ZIKO KWA NANI?

Jumapili usiku mmoja wa vijana wale aligonga mlango wetu. Alikuwa amesikia mlio wa paka mchanga ndani ya nyumba iliyofungwa, ya tatu kutoka kwetu. Tuliteremka sote. Ni kweli: nyuma ya mlango wa mbao uliotiwa kufuli yenye kutu, sauti nyembamba ilikuwa ikilia na kunyamaza, ikilia na kunyamaza. Mjukuu wangu aliweka shavu lake juu ya mlango, akaita. Sauti ikajibu.

Nyumba hiyo haijakaliwa na mtu kwa miaka mingi. Mwenyewe amefariki, na warithi wake wametawanyika. Wako Dar es Salaam, wako Maskati, na mmoja inasemekana yuko Uingereza. Ukuta wa upande umetumbuka, na boriti za mikoko zimechungulia nje. Kila mtu mtaani anajua kwamba ni nyumba mbovu. Lakini nilipouliza swali jepesi kabisa, ufunguo uko kwa nani, hapana aliyekuwa na jibu.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa sheha. Sheha wetu ni mtu mwema, na alikuja mwenyewe akaitazama nyumba. Lakini ufunguo hakuwa nao, wala orodha ya wenye funguo za nyumba tupu za shehia yake hakuwa nayo, kwa kuwa hapana aliyepata kumtaka awe nayo. Akanielekeza ofisi moja. Ofisi hiyo ikaniambia kwamba nyumba ni mali ya watu binafsi, nikaulize ofisi nyingine. Ofisi nyingine ikanitaka niandike barua. Nikaandika. Nilipoeleza kwamba ndani yumo paka, karani alinitazama kwa huruma ambayo mtu humwonyesha mgonjwa.

Wakati wazee tunaandika barua, watoto walikwisha kupata ufumbuzi wao. Jumatatu alasiri nilimkuta mvulana wa miaka kumi amekwisha panda nusu ya ule ukuta uliotumbuka, anatafuta pa kuingilia dirishani. Nilimteremsha kwa ukali. Hasira yangu ilikuwa hofu, kwa sababu nilikumbuka tarehe 25 Disemba, 2020, ilipoporomoka sehemu ya Beit-el-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 na kusimama mbele ya bahari kama kwamba halitaanguka abadan, na watu wawili wakapoteza maisha. Jiwe la matumbawe na chokaa halitoi notisi.

Ufunguo ulipatikana Jumanne, nao haukuwa mbali. Ulikuwa kwa bibi mmoja mkongwe, milango mitano kutoka kwenye nyumba hiyo, amehifadhi ndani ya kopo la biskuti. Marehemu alimwachia amana. "Mbona hamkuniuliza?" alisema. Hatukumwuliza kwa sababu hakai barazani, na asiyekaa barazani siku hizi tunamhesabu hayupo.

Tulifungua mlango mimi, sheha na kijana mmoja. Chini ya ngazi, juu ya gunia, palikuwa na paka mama mwenye madoa, amekonda, na watoto wake watatu. Ndio waliokuwa wakilia. Kashata hakuwepo. Lakini hatua nne kutoka mlangoni, katika ua uliojaa kifusi na magugu, palikuwa na kisima. Hakikuwa na kifuniko, wala ukingo wake haukuonekana tena. Mbao zilizokifunika zamani zilikwisha oza na kutumbukia, na maji ya mvua yalikuwa yamepanda karibu na usawa wa ardhi, yamefunikwa na majani, kiasi kwamba mtu angedhani ni uwanja. Ukitoka katika dirisha lile ambalo mvulana alikuwa akiliparamia, mahali pa kwanza pa kutia mguu ni pale.

Sheha alikaa kimya muda mrefu. Kisha tukatafuta mlango wa zamani uliokuwa umelazwa ukumbini, tukaukokota watatu, tukakifunika kisima na kuweka mawe juu yake. Mjukuu wangu, aliyekuwa amezuiwa nje, aliuliza tu, "Yumo?" Nikamwambia hayumo.

MAMBO MENGINE TULIYOYAONA

Haikuwa hiyo peke yake. Katika kubisha hodi, bwana mmoja mwenye duka alinieleza kwa masikitiko kwamba juma lile lile alitega sumu ya panya uchochoroni, ndani ya vipande vya mkate. Hakuwa na nia mbaya. Panya wanamla mtaji. Lakini hapana aliyekuwa amemwambia kwamba ziko sumu za panya ambazo haziui kwa siku moja. Huiharibu damu isigande, na panya huchukua siku kadhaa akidhoofika, akitembea mchana kama mlevi, na kuwa kitoweo chepesi kwa paka. Paka akimla, na yeye ameila sumu. Akiwahiwa, daktari wa mifugo ana dawa, nayo ni vitamini K. Lakini nani atamwahi asiyejulikana kwamba amekula? Na mkate uliowekwa chini hauchagui baina ya panya, paka na mtoto anayetambaa.

Tena, mtoto mmoja katika wale waliokuwa wakisaidia kutafuta alikwaruzwa na kuumwa na paka shume. Mama yake alikuwa akitafuta majivu ya kumpaka. Yatupasa sote tujue kwamba jeraha la kuumwa na paka au mbwa huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha mtoto hupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mwanadamu karibu hakina kupona. Ndugu zetu wa Pemba wanalo somo kubwa la kutufundisha katika hili. Kwa kuchanja mbwa, maambukizo ya maradhi hayo kisiwani humo yalikuwa yamekatwa mwaka 2014. Mwishoni mwa mwaka 2016 yakaingia tena kutoka nje. Na haikuwa mpaka Oktoba 2018, baada ya juhudi za kuchanja kila mwaka, ndipo yalipokatwa tena. Usalama uliopatikana kwa jasho unaweza kupotea kwa kulala kidogo tu.

TUNALOLIOMBA

Mji Mkongwe uliandikwa katika urithi wa dunia mwaka 2000. Ni heshima, na wageni huja kuipiga picha milango yetu. Lakini mlango si mapambo. Mlango ni kitu ambacho nyuma yake yumo mtu, au hayumo, na jirani anapaswa kujua lipi kati ya hayo mawili. Kwa hiyo safu hii, bila ya kumnyooshea kidole mtu yeyote, inawaomba wahusika mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji msaada kutoka ng'ambo.

La kwanza, kila sheha awe na daftari la nyumba zilizofungwa katika shehia yake: mwenyewe ni nani, warithi wako wapi, na ufunguo umewekwa kwa nani. Daftari la shilingi chache na wiki moja ya kutembea vitatosha. Ofisi za juu zimpe sheha idhini iliyo wazi ya kufungua mlango pale penye hatari, ili asilazimike kungojea jibu la barua huku watoto wakipanda kuta.

La pili, visima na mashimo yote yaliyomo ndani ya nyumba hizo yakaguliwe na kufunikwa kabla ya mvua nyingine kunyesha. Kazi hiyo mtaa unaweza kuifanya wenyewe kwa kujitolea asubuhi ya Jumapili moja, ikiwa utaongozwa.

La tatu, anayetaka kutega sumu awaarifu majirani zake, aiweke ndani ya kisanduku ambacho mtoto na paka hawawezi kuingiza kichwa, na panya waliokufa wafukiwe. Maofisa wa afya na wa mifugo watusaidie kwa kueleza, kwani mwenye duka yule angeelezwa asingefanya.

Na sisi wananchi tusiiachie Serikali kila kitu. Hapana sheria inayoweza kumlazimisha mtu kupiga hodi kwa jirani aliyehamia. Hilo ni letu. Tumelipoteza polepole, kama tunavyopoteza ufunguo, na hatukutambua mpaka siku tulipouhitaji.

Ninapoandika maneno haya ni siku ya kumi na moja, na Kashata hajarudi. Juzi mama wa Pemba alikuja na habari kwamba paka mwenye miguu myeupe ameonekana upande wa Mkunazini, juu ya paa la bati, wakati wa magharibi. Tulikwenda tukakaa mpaka ishaa. Hakutokea. Kesho tutakwenda tena, kwani utafiti ule unasema kwamba baada ya siku 90 ni wachache wanaopatikana wakiwa hai, na mimi nimeanza kuhesabu, ingawa sijamwambia mtoto.

Yule paka mama na watoto wake watatu tumewahamishia chini ya ngazi yetu. Mke wangu amesema ni kwa muda tu. Mjukuu wangu anawalisha vizuri, lakini sahani ya Kashata hairuhusu kuguswa. Kila jioni anaiosha na kuiweka penye kidato cha mwisho. Jana usiku aliniuliza, "Babu, na yeye anatutafuta?" Nilimjibu kwamba naamini anatutafuta.

Ikiwa msomaji yeyote, kutoka Shangani hadi Darajani, kutoka Malindi hadi Vuga, atamwona paka mdogo wa kike, rangi ya kashata, miguu ya mbele myeupe, tunamwomba asimfukuze. Ampe maji, amfungie mahali salama, kisha amwarifu sheha wa mtaa wake. Na kama hatamwona, basi angalau katika kutazama atakuwa ameyachungulia magofu ya mtaani kwake, na pengine atakiona kisima.